Maua Yenye Vipimo vya Watu

Huyu Fundi ninayemsema alikuwa mshona nguo za kike, na ulimi wake ulikwenda mbio kuliko cherehani. Ulimi huo ndio uliomponza. Siku ya kikao cha harusi ya binti yake wa mwisho, pande mbili zimekutana sebuleni kwake, watu wamebanana kwenye makochi, mama wa bwana harusi akakohoa kidogo, akasema maua ya ukumbini aachiwe yeye. Alikuwa anamfahamu mpambaji mwenye maua mabichi ya kila rangi. Bei yake imechangamka, alisema, lakini kizuri hakikosi gharama.

Fundi alijua fika kwamba mfuko wa nyumba yake umeshatoboka kwa ukumbi na viti. Mtu mwenye akili zake angesema ahsante mkwe, Mungu akuzidishie, akanyamaza. Weee! Yeye alinyoosha shingo.

"Maua ni kazi ya upande wa bibi harusi, mkwe wangu. Niachie mimi. Ukumbi utachanua mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa sababu hata kupiga chafya alikuwa anajipanga kwanza, alimtazama mkewe kwa huruma. Alipopata neno la kuanzia, wageni walikuwa wameshafika kwao.

Binti ndiye aliyesema, walipobaki peke yao.

"Mama, hayo maua unayatoa wapi?"

"Mwanangu, mimi nikishasema nimesema."

"Ndiyo, umesema. Sasa nisikilize na mimi. Yule mama nitakaa naye nyumba moja mwaka mzima, mpaka tupate pa kuhamia. Akinicheka siku ya kwanza, atanicheka mwaka mzima. Ananipenda kiasi tu, hajanipenda sana. Tafadhali, Mama, usinitie aibu mbele yake."

Maneno hayo yalimwingia Fundi. Huyu mkwe hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa karani wa posta mstaafu, mwanamke wa haiba, mwenye mwili wake na sauti ya kusikika nyumba ya tatu, na alizoea kugonga mambo muhuri yakaisha. Akikupenda umependwa. Akikununia, hata chumvi ya nyumba ile ingekunyima ladha.

Kesho yake Fundi alikwenda duka la vifaa vya shule kuuliza karatasi za rangi. Alipotajiwa bei ya bunda moja, akapiga hesabu ya maua mia mbili na arobaini ya madirisha kumi na mbili, akamwambia muuzaji anarudi sasa hivi. Mpaka leo hajarudi.

Alirudi nyumbani amenuna, akajitupa kitandani, akaangalia juu. Na pale juu ya kabati, jamani, palikuwa na mali. Fundi huyu hakuwa mtu wa kukata kitambaa cha mteja kwa kubahatisha. Kila nguo aliichora kwanza kwenye karatasi nyeupe nyembamba, laini, aliyokuwa akiinunua kwa roli. Zile alikuwa akiziita ramani. Kila ramani iliandikwa jina la mteja kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Nguo ikiisha, ramani inakunjwa na kuhifadhiwa, mteja akirudi mwakani asisumbuliwe. Pale juu ya kabati palikuwa pamelala nyonga za mtaa mzima za miaka ishirini na miwili.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo ushushe huu mzigo. Maua yamepatikana!"

Taratibu alikuja, akatazama, akafikiri. "Na maandishi?"

"Maandishi tutayageuzia nyuma. Wewe umewahi kumwona mtu anachungulia mgongo wa ua?"

Taratibu alikiri kwamba hajawahi.

Basi nyumba ile ikageuka kiwanda. Jioni wakishakula, meza ilifutwa, ramani zikapigwa pasi zinyooke. Rangi hawakununua hata moja. Viazi vyekundu vya kachumbari, vile vinavyotia doa nguo nyeupe mpaka mtu alie, vilichemshwa vikatoa waridi. Manjano ya jikoni yakatoa njano. Majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, ambayo nyumba nyingine huyamwaga, yakatoa rangi ya dhahabu iliyozeeka. Ramani zilichovywa, zikaanikwa kwenye kamba ya nguo uani, na majirani wakachungulia juu ya ukuta wakauliza siku hizi mnafua magazeti?

Kisha ndiyo kazi yenyewe. Karatasi sita zinapangwa moja juu ya nyingine, yenye maandishi chini kabisa, zinakunjwa mbele nyuma, mbele nyuma kama feni ya mkononi, zinafungwa katikati kwa uzi. Ncha zinakatwa mviringo. Halafu unafungua petali moja moja, kwa vidole vya mtu anayemvua mtoto mchanga kofia, maana ukivuta kwa nguvu umepata matambara. Fundi alikuwa na mkasi wa karatasi na mkasi wa kitambaa, na ole wake atakayeichanganya. Siku ya pili Taratibu alichukua mkasi wa kitambaa akakatia karatasi, na Fundi akapiga yowe jirani akaja mbio akidhani kuna nyoka.

"Mke wangu, mkasi ni mkasi," Taratibu alijitetea.

"Na mke ni mke? Haya, weka chini!"

Binti siku za kwanza alipita kando amekunja uso. Siku ya tatu akasimama. Siku ya nne akakaa, akaanza kufunga nyuzi, na kabla hajafunga ua la kumi alikuwa anaimba. Nani angekataa? Maua yalikuwa yanajaa kwenye makochi, juu ya friji, ndani ya beseni la kuogea. Moyoni mwa kila ua walitia kifungo kutoka kwenye kopo la vifungo vya ziada, cha lulu hapa, cha shaba pale. Mashina yalikuwa njiti za ufagio zilizovingirishiwa vipande vya kitambaa cha kijani. Mtu akiingia ndani alikuwa anasema "lo!" kabla hajasema hodi. Fundi alikuwa na furaha ya mtu aliyetoa kitu pasipo kitu, na furaha hiyo, niwaambie, haina mfano.

Ramani ya mwisho kushushwa ilikuwa ya mkwe mwenyewe. Miezi miwili nyuma, mkwe alikuja kushonewa gauni la harusi. Alifunga mlango, akafunga dirisha, akavua viatu, ndipo akakubali kupimwa. Vipimo vilipokwisha kuandikwa, akamshika Fundi mkono. "Hizi namba ni za mimi, wewe na Mungu." Maana mkwe alikuwa na sifa yake moja, na aliisema kila penye wanawake watatu: kiuno chake ni inchi thelathini na mbili tangu siku aliyoajiriwa posta. Fundi aliapa. Fundi wa kweli hasemi mwili wa mteja. Siku akisema, afunge cherehani akalime.

Ramani yenyewe ilikuwa mpya, safi, na pana. Pana haswa. Fundi aliiinua akaitazama, akasema hii haifai kukatwa vipande, hii itatoa ua moja kubwa kama sinia, likae juu ya viti vya maharusi. Aliona anampa mkwe heshima.

Jumamosi ya harusi, asubuhi, Taratibu alipanda ngazi ndani ya ukumbi wa chakula wa shule, akafunga maua kwenye nyavu alizotundika mbele ya madirisha, ishirini kila dirisha, bila kuhimizwa na bila kukubali kuhimizwa. Lile kubwa alilifunga kwenye dirisha la nyuma ya viti vya maharusi. Mapazia yalikuwa nyuma ya maua, yamefungwa. Ukumbi ulichanua kweli. Binti alipoletwa kuona kabla ya kwenda kupambwa, alimkumbatia mama yake, na Fundi akaenda kubadilisha nguo akitembea kama mtu aliyeajiriwa na serikali.

Saa tisa watu walikuwa wamejaa. Joto lilipanda, watu wakaanza kujipepea kwa kadi za mwaliko. Mtu mmoja mwema, Mungu amsamehe, akasema fungueni mapazia hayo hewa iingie. Mapazia yakavutwa. Jua la alasiri likapiga madirishani, likapita katikati ya karatasi nyembamba, na kila ua likawaka kama taa.

"Aaah!" watu wote walisema kwa pamoja.

Kisha mwalimu wa hesabu, aliyekaa dirishani, akasogeza miwani. Namba akiziona hawezi kuziacha, ni ugonjwa wa kazi. Akasoma kwa sauti ya darasani, "Mama Mapacha. Kifua arobaini na nne. Kiuno thelathini na tisa. Nyonga..."

"Wewe! Ishia hapo hapo!" Mama Mapacha aliruka kutoka kitini.

Kwa upande wa pili kukasikika, "Jamani, huyu si nesi? Mkono, inchi kumi na saba!" Na nyuma, "Hili langu! Hili langu kabisa, la mwaka ule nina mimba!"

Fundi alisimama katikati ya ukumbi. Wino ule mzito ulikuwa umetokeza mbele kana kwamba umeandikwa leo. Siri za miaka ishirini na miwili alizitundika dirishani kwa mkono wake. Lakini hilo silo lililomtisha zaidi. Aligeuza shingo polepole, akatazama nyuma ya viti vya maharusi. Lile ua kubwa lilikuwa linawaka kuliko yote. Kutoka alipokuwa aliweza kusoma namba ya kwanza bila miwani.

Nje honi zililia. Maharusi wamefika, na mkwe anaingia nao.

Nakuambia Fundi alikimbia. Alivuta kiti cha bwana harusi, akapanda na viatu vyake vya kisigino, akalishika lile ua akavuta. Halikuja. Taratibu akifunga kitu, kimefungwa. Alipiga mafundo saba, na kila fundo alikuwa amelipa muda wake. Fundi aling'ata uzi kwa meno. Huku anang'ata, ngoma na vinanda vikaanza, milango ikafunguka, na watu wote wakasimama. Bibi harusi alipoingia ameshika mkono wa mumewe, kitu cha kwanza alichokiona ni mgongo wa mama yake, juu ya kiti, unaning'inia kwenye ua.

"Mama?" alisema.

Muziki ukafa. Fundi alitema uzi, akageuka. Aliuona uso wa binti yake chini ya shela, ule uso uliokuwa umemwomba kitu kimoja tu. Pembeni yake mkwe, ndani ya gauni alilomshonea yeye, kichwa juu, macho yanauliza. Palikuwa na njia mbili. Angeweza kusema jua ndilo lililoharibu, au fundi mwingine, au shetani. Uongo alikuwa nao mwingi, ulimi ule haukuwahi kukosa. Ila mtu ukishapanda juu ya kiti mbele ya watu mia mbili, hapo ulipo pa kujificha ni wapi?

"Ndugu zangu," alisema, "maua haya nimeyatengeneza kwa ramani za nguo zenu. Hela ya karatasi nyingine sikuwa nayo, na kukubali kwamba sina nikaona aibu. Mliniachia siri zenu, nikazigeuzia nyuma nikadhani zimefichika. Kosa ni langu peke yangu. Binti yangu alifunga nyuzi tu. Anayetaka kukasirika anikasirikie mimi, leo na kesho, lakini yeye mwacheni afurahi." Akaligusa lile ua. "Na hili kubwa, mkwe wangu, ni lako."

Binti alifumba macho.

Mkwe aliachia mkono wa mwanawe. Alitembea mpaka mbele, mwendo wa mtu anayekwenda kufungua dirisha la posta na foleni imsubiri. Akafungua mkoba, akatoa miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa. Akasoma midomo ikicheza. Kisha akasoma kwa sauti, ile ya nyumba ya tatu.

"Kiuno, arobaini na nne. Nyonga, hamsini."

Dada yake mwenyewe, huko nyuma, hakuweza kujizuia. "Dada, si ulisema thelathini na mbili?"

Mkwe aligeuka. "Nilisema! Na ninyi mkaniangalia hivi nilivyo, kwa macho yenu mawili mawili, mkaitikia! Sasa mjinga ni nani?"

Lo! Ukumbi ulipasuka. Mama Mapacha alicheka mpaka akashika meza. Mwalimu wa hesabu alivua miwani akafuta machozi. Wanawake waliinuka wakaanza kuzunguka madirisha, kila mmoja anatafuta lake, anayelipata anapiga kelele, na asiyeliona analalamika kama aliyenyimwa sahani. Waliokuwa wanazificha namba zao dakika tano nyuma, sasa walikuwa wanazitangaza wenyewe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na siku ile wote waliamua kuzaa.

Fundi alikuwa bado juu ya kiti, hajui acheke au alie. Mkwe akamnyooshea mkono.

"Shuka. Ehe. La kwangu limeonekana. La kwako liko wapi?"

"Langu halipo, mkwe."

"Halipo vipi? Umeficha?"

"Haki ya Mungu sijaficha. Mimi sijawahi kupimwa. Nguo zangu nakata kwa kukadiria tu, usiku wa sikukuu, kitambaa kikibaki. Nani atampima fundi?"

Ilikuwa kweli, na alipoisema ndipo alipoisikia. Mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwake, wanene na wembamba, wenye mimba na wenye misiba, na yeye mwenyewe alikuwa hana karatasi hata moja.

Uso wa mkwe ukalegea.

"Futi kamba unayo?"

Fundi kwenda harusini bila futi? Ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa pamoja na leso. Mkwe aliichukua, akaikung'uta mbele ya watu wote.

"Inua mikono."

Fundi aliinua. Alihisi mikono ya mtu mwingine inampitia kiunoni, kwa upole ambao hakuutegemea kwa mwanamke yule, na mwenyewe, bila kujua, akabana tumbo ndani kama wateja wake wote walivyokuwa wakifanya tangu dunia iumbwe.

"Achia pumzi, mkwe," mkwe alimnong'oneza sikioni. "Hapa huna wa kumficha."

Akaachia. Pumzi ilitoka ndefu, ya miezi miwili mizima, ya kikao na duka la vifaa vya shule na juu ya kiti. Futi ikasogea chini kidogo, ikazunguka, ikakutana. Mkwe aliinama kusoma. Akasoma tena. Alipoinua kichwa, alikuwa anang'aa.

"Nyonga, hamsini na moja!" alipiga kelele. "Jamani, amenizidi! Amenizidi inchi nzima!" Akamkumbatia Fundi kwa nguvu, futi ikiwa bado imemzunguka, akamtikisa kushoto na kulia. "Tangu leo wewe ni ndugu yangu. Niliogopa hii familia, nikasema watu wa mafundi hawa, kila kitu chao kimenyooka, watanitazama mimi na mwanangu kwa dharau. Kumbe tuko sawa tu!"

Vigelegele vikapanda. Bibi harusi alikuja mbio, gauni amelikusanya kwa mikono miwili, akajitia katikati yao, na mama wawili wakamfunika. Alikuwa anacheka huku analia, wanja umemchuruzika mpaka mashavuni, na mkwe akaufuta kwa kidole gumba chake akamwambia, "Nyamaza mwanangu, kwetu umefika."